Shemeji Aonje Kwanza

Mdogo wangu alilala mzima. Asubuhi mkewe alimwamsha, hakuamka. Kabla jeneza halijafika, shangazi yetu alikuwa ameshatamka neno linaloogopwa Uvira nzima: karuho, ile sumu inayosemwa kuwa huwekwa kwenye chakula.

Kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Ni adabu tu. Lakini siku zile za kilio, shemeji alipoonja chai, shangazi alimkodolea macho kooni.

"Umelowesha midomo tu. Kunywa mpaka tuone inashuka!"

"Nimekunywa, shangazi."

"Na hizo ndagala? Anza weye. Minye sina haraka ya kumfuata mtoto wangu."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Ninafundisha biolojia, lakini nilikula tu kwenye sahani ambazo shemeji alikuwa ameshazigusa. Tulikuwa tumeshakubaliana: matanga yakiisha, arudi kwao Lemera, watoto wabaki kwetu.

Munganga wa hospitali aliyeuchunguza mwili kwa ombi letu hakuona dalili ya sumu, na moyo ulionekana mzima.

"Ndiyo ubaya wa hiyo ya siku hizi," shangazi akasema. "Haionekani."

Nilibaki nyuma kumuuliza munganga. Alinieleza taratibu, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza wanafunzi wangu sasa. Moyo ni msuli wa chembe hai nyingi. Katika utando wa kila chembe kuna protini zilizo kama milango. Hupitisha chumvi kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo huongoza mapigo. Mlango mmoja ukiwa na kasoro tangu kuzaliwa, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hata usingizini. Baadaye ukiutazama moyo, hakuna jeraha.

"Kwenu kuna mwingine aliyelala asiamke?"

"Hapana," nilijibu upesi.

Nilipofika mtaa wa Kimanga, njiani kurudi nyumbani, nilimkumbuka baba. Nilikuwa na miaka tisa baba alipojilaza mkekani baada ya chakula cha mchana, akafia hapo. Ilisemwa aliyemtilia sumu ni jirani muuza mandazi, kwa kuwa asubuhi alimpa uji. Mama yule alihama na watoto wake. Aliyemnyooshea kidole ni shangazi huyu huyu.

Nikarudi kusahihisha jibu langu. Munganga alisema hawezi kuthibitisha kilichomuua ndugu yangu, ila watoto wake wapimwe moyo, maana kasoro hiyo hurithiwa.

Nyumbani niliwaeleza wote, shemeji akiwapo.

"Kwa hiyo sumu iko kwetu?" shangazi akauliza.

"Si sumu, shangazi. Na si kosa la mtu."

Akauliza tena: "Na yule wa mandazi?"



Shemeji akamimina chai, akainua kikombe aonje. Shangazi akanyoosha mkono. "Lete, itapoa."

Alikitazama kikombe muda mrefu. Kisha akanywa.

"Hao watoto utawapeleka weye mwenyewe kupimwa," alisema bila kumwangalia. "Na utarudi nao hapa."