Alirudi Malindi Akaniuliza Habari za Mama

Admin, jina langu libaki kwako, na majina mengine humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Jilore, mpishi katika nyumba moja ya wageni hapa Malindi. Niiteni Kadzo. Kuna jambo nimelifanya na sijutii, na huko kutojuta ndiko kunakonileta kwenu.

Kuna mama wa Nairobi, nitamwita Mama Shiru. Kabla ya korona alikuwa akija kila Desemba na bintiye, miaka tisa mfululizo, nyumba ile ile, chumba kile kile cha kutazama bahari. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Malindi ndiyo kwetu, Nairobi tunaenda kufanya kazi tu." Marehemu mama yangu alimpenda. Kila wakija alinipa korosho nimpelekee.

Korona ilipoanza, njia hazijafungwa bado, wakakimbilia huku. Mama Shiru alishuka garini anakohoa, akasema ni vumbi la njiani. Nikampikia chai ya tangawizi, nikamfulia, nikamkanda mgongo. Siku ya tano wakaja maafisa wa afya na mavazi yao meupe, wamesikia nyumba ile ina mgonjwa. Mama Shiru akatoka mlangoni, akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mpishi. Ana siku mbili anakohoa. Sisi ni wazima."

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Nikasema, "Mama Shiru, mimi?" Hakunitazama. Kati ya mgeni mwenye gari lake na mpishi aliyejifunga leso, mnajua aliyeaminiwa. Wao waliambiwa wajifungie ndani. Mimi nilipandishwa gari mchana, mtaa mzima ukiangalia.

Nilipelekwa kwenye bweni la shule lililogeuzwa karantini. Nilipimwa, sikupatikana na kitu, lakini kila mwenzetu mmoja alipopatikana nacho, siku zetu zilianza kuhesabiwa upya. Mama alikuwa na presha. Aliposikia mwanawe amebebwa na lile gari, chakula kikamshinda. Wiki ya tatu akafariki, akazikwa siku ile ile na watu wachache. Kaka yangu alinishikia simu ili nami nione. Mtandao ulikatika jeneza likiwa bado juu.

Nilipotoka, kanisani benchi nililokalia lilikuwa langu peke yangu. Watoto wa jirani waliniita Mama Korona. Nilikaa karibu miaka miwili bila kazi, mpaka wageni walipoanza kurudi na mwenye nyumba akaniita tena.

Mwaka huu akarudi Mama Shiru. Akanikumbatia jikoni. "Kadzo wangu, hujui nilivyoikosa nyumba hii. Nilikuwa naiota." Kisha akauliza, "Na mama yako wa korosho, hajambo?"

Nikamwambia, "Alifariki. Nilikuwa karantini."

"Pole sana. Alikuwa na nini?"

"Presha."

"Presha siku hizi inamaliza watu," akasema. Akachungulia sufuria. "Kesho asubuhi tutapata mahamri na mbaazi?"

Nikamjibu, "Mtapata." Pale ndipo nilipoamua.

Shiru, yule bintiye, sasa ana mchumba. Mama yake alikuwa amewaalika wakwe watarajiwa waje wajuane kwa chakula cha mchana, Jumamosi. Shiru mwenyewe aliniambia kwamba mama wa kijana ni nesi, na mumewe alikufa kwa korona. Basi siku ile nilipika kuliko nilivyowahi kupika. Kamba wa nazi, samaki wa kupaka, wali unaonukia mpaka barabarani. Nilitaka watu wakae, asiondoke mtu. Nilipanga kusema nikileta kahawa, lakini Mama Shiru akanirahisishia. Aliniita mbele ya meza.

"Huyu ni dada yangu. Korona ilitukuta naye hapa, akatutunza. Kadzo, wasalimie wageni."

Nikawasalimia. Nikasimulia yote, taratibu, bila tusi hata moja. Nilipomaliza, yule nesi akamgeukia Mama Shiru. "Ni kweli?"

"Niliogopa," akasema. "Nilikuwa na mtoto. Wewe ungefanyaje?"

Nesi akaweka kijiko chini. "Mume wangu aliambukizwa na mtu aliyejua anaumwa, akaficha." Akainuka. Wakaondoka wote palepale, na mazungumzo ya ndoa yamesimama.

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Nilimwona Mama Shiru amekaa peke yake mbele ya chakula kinachopoa, nikarudi jikoni nikala sahani mbili.

Kulipokucha Shiru akanifuata, macho yamevimba. "Anti, siku ile nilikuwa dirishani. Nilimsikia mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikanyamaza. Nisamehe." Akaniomba nimpigie nesi nimwambie nimesamehe. "Akisikia kwako, ataamini." Akaniachia namba.

Mama yake mpaka leo hajaniomba radhi. Ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Natumaini umeridhika." Naam, nimeridhika. Lakini Shiru naye ananiandikia kila siku, na kijana hapokei simu zake. Kaka yangu anasema mtoto habebi dhambi ya mzazi. Mimi namjibu kwamba mama yetu naye hakuwa na dhambi katika jambo hili, na yuko kaburini.

Kupiga simu si kazi. Tatizo ni kwamba yule nesi ataniuliza kama nimesamehe, na jibu ninalo, na si lile analolitaka Shiru. Nyinyi mnaosoma, hasa mliofiwa wakati ule bila kuaga, semeni nami msinifiche: nimpigie nimdanganye kwa ajili ya huyu binti, au niwaache walivyo?