Wimbo Niliompigia Mama Neema

Mie niliishia darasa la nne, lakini nyumba kibao mnazoziona huku Wazo zimesimama kwa tofali zangu. Kulia nilikuwa sijui. Hata tulipomzika mke wangu, Mama Neema, chozi halikutoka.

Kisha fundi wa pikapu yangu akasahau humo flashi yenye nyimbo za bendi moja ya roki ya Ulaya. Magitaa yananguruma, mwimbaji anapiga yowe kama kachomwa kisu. Kiingereza sikijui, ila nikajiambia huyu naye kafiwa. Mwaka mzima nimelia naye ndani ya pikapu, vioo nimepandisha.

Juzi jirani yangu, Baba Jose, akafiwa na mkewe. Nikapeleka msibani spika zangu, mtaa mzima hakuna mwenye kama zile, nikashika maiki: "Wimbo huu nilimpigia Mama Neema kaburini, siku tunaweka msalaba. Baba Jose, lia, usione haya."

Nikauachia. Baba Jose akalia kweli. Kichwa kikanivimba.

Binti yake, mwalimu wa Kiingereza, akanisogelea. Nikapunguza sauti nimsikie.

"Shikamoo, Baba Neema. Unajua anaimba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Anamlilia mkewe."

"Anashangilia, baba. Anasema mke kaondoka, sasa yeye analala vizuri."

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, haijazimwa. Turubai zima likatugeukia. Baba Jose akainua uso, macho mekundu, akaniuliza taratibu:

"Na Mama Neema ulimpigia huu huu?"