Mboga za Phelista Kwenye Mchanga wa Kilifi

Kwao Tongaren, Sikukuu ya Mavuno ilipofika, watu walitazama kwanza kikapu cha Phelista. Hakikuwa kikubwa, lakini mboga zake zilifika kanisani zikiwa bado na umande. Ndiyo maana mwaka wa 2003, mumewe Wabwile alipopata kazi ya ulinzi karibu na Kilifi na kumwita amfuate, Phelista alifunga nguo zake na za mtoto wao Ivy, akafunga sufuria, na katika pindo la leso akafunga mbegu za saga, ile mboga chungu ambayo Wabukusu huita chisaka.

Huko pwani alikuta kanisa lililojaa watu wa bara. Mzee wa kanisa aliitwa Kagwe, mwenyeji wa Kitale, mtu wa mzaha mwingi. Sikukuu ya Mavuno waliiadhimisha hapo pia, ila kila mtu alinunua vitu sokoni na kuvileta.

"Hapa ni mchanga, mama," Kagwe alimwambia. "Hata ukililia hii ardhi, machozi haiwezi kulowesha kitu. Nunua tu kama sisi."

"Mimi sijawahi kumpelekea Mungu mboga ya kununua," Phelista akasema. "Sitaanzia hapa."

"Haya bana. Tutangojea hicho kikapu."

Maneno hayo yakaenea kanisa zima. Kurudi nyuma hakukuwezekana tena.

Phelista akalima nyuma ya nyumba. Aliinua matuta marefu kama ya Tongaren. Kule udongo ni mwekundu na mzito, mvua ikishuka maji hutuama, na mboga isiyo juu ya tuta huoza mizizi. Akakusanya kila jani kavu akalichoma, maana mama yake alimfundisha kwamba shamba lenye takataka ni la mwanamke mvivu. Saga ikaota vizuri, kisha ikanyauka. Alimwagilia asubuhi na jioni, maji yakapotea kama yamemwagwa kwenye chujio. Akapanda tena, akainua matuta zaidi. Safari hii ilikauka upesi kuliko ya kwanza.

"Mama Ivy, si ununue tu?" Wabwile akamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Jirani yao Mama Karisa, Mgiriama mwenye mbuzi wengi, alichungulia juu ya ua wa makuti. "Mwenzangu, mbona naona makaburi tu? Wazika nani?"

Phelista alicheka, ingawa neno lilimchoma. Mbegu zilizobaki hazikujaza hata kiganja.

Mchana huo alipita nyuma ya bafu, penye kibonde ambamo Mama Karisa alitupa makumbi ya nazi. Mchicha ambao hakuna aliyeupanda ulikuwa umesimama hapo, mnene, kimo cha goti. Akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya makumbi. Jua lilikuwa utosini, lakini mchanga wa chini ulikuwa na unyevu.

Kumbe siku zote alikuwa akikausha ardhi ambayo shida yake ilikuwa kiu.

Akachukua jembe, akayabomoa matuta yake yote. Haikuwa rahisi, mikono yake ilijua kuinua tu. Akachimba mitaro, akatandaza makumbi chini, akachanganya mchanga na mavi ya mbuzi, akapanda mbegu zake za mwisho, kisha akafunika kwa yale majani makavu aliyozoea kuchoma.

"Sasa ndo wachimba makaburi yenyewe," Mama Karisa alisema. Lakini gunia la pili la makumbi alilileta mwenyewe.

Siku ya Mavuno, Phelista alibeba kikapu chake kichwani, akapita katikati ya kanisa bila kutazama kando. Mnada wa kuuza sadaka hizo ulipoanza, Kagwe aliinua fungu la saga, majani mapana, kijani kibichi.

"Hii tunaijua," akasema. "Hii ilipanda basi Kitale jana."

Watu wakacheka. Phelista alikuwa ameing'oa saga yake nzimanzima, jinsi mboga ya sadaka inavyong'olewa kwao. Akalichukua fungu mkononi mwa mzee, akalikung'uta juu ya meza. Mchanga mweupe ukamwagika kwenye kitambaa, pamoja na nyuzi za makumbi.

Kagwe akaokota ule mchanga, akausugua kati ya vidole.

"Kitale hatuna hii," akasema polepole. Kisha akageukia waumini. "Mnada tunaendelea nayo, lakini hii fungu msihangaike nayo. Ni yangu."

Kina mama wakamzomea, wakapandisha bei, naye akapandisha zaidi hadi wakamwachia. Baada ya ibada alimfuata Phelista mlangoni, fungu lake kwapani.

"Mama Ivy," akauliza kwa sauti ya chini, "kwenye hii mchanga unapanda namna gani?"

"Kuja Jumamosi uone," Phelista akamwambia. "Na ukuje na jembe yako."