Nilivyotafsiri Redio ya Mbarara

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu Kusini, Kongo, nilijigamba kwa majirani kwamba najua Kiingereza. Nilijua maneno kumi tu, pengine tisa. Redio yangu ndogo ikashika stesheni ya Kiingereza ya Mbarara, basi kila asubuhi wakaja niwatafsirie habari. Nilibuni, wakanishukuru.

Siku moja, katika tangazo moja, nilitambua maneno matatu: Kongo, amani, nyumbani. Nikapaza sauti, "Vita imekwisha! Tunarudi kwetu!" Mama Neema, mjane wa nyumba ya pili, alilia kwa furaha, kisha akagawa kuku wake wote kwa kuwa asingeweza kuwabeba.

Jumamosi binti yake, anayesoma sekondari Mbarara, alikuja kumsaidia kufunga mizigo. Tukiwa pale uani, tangazo lilelile likasomwa tena redioni. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Papa Rehema, habasemi mambo ya vita. Ni kwaya ya Kongo, inaitwa Amani. Itaimba Mbarara, na watu watasikiliza kwa redio nyumbani."

Majirani walinigeukia. Mama Neema aliuliza polepole, "Sasa hatuendi tena kwetu?"

"Sijui, mama," nilisema nikiangalia chini. "Kiingereza sikijui."