Fimbo za Gofu Barazani Kasulu

Kasulu hakuna uwanja wa gofu. Naanza na hilo kwa sababu wageni waliopita kwetu siku za Jumapili walidhani upo, wakimwona mume wangu amekaa barazani na fimbo zile, beseni la maji ya moto miguuni, anasugua kama mtu anayetakiwa uwanjani kesho yake. Hakuwahi kucheza hata siku moja.

Zilikuwa za bosi wake, mzungu wa shirika lililokuwa likifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mume wangu alimwendesha miaka mingi. Jioni bosi alikuwa akipiga mipira peke yake kwenye nyasi nyuma ya ofisi, na dereva wake anaiokota. Fedha za shirika zilipokatika, ofisi ikafungwa, wafanyakazi wakaagwa kwa soda. Bosi akamkabidhi mkoba wa fimbo, akamwambia, "Nitunzie mpaka nirudi." Mwenzangu akaona kazi yake bado ipo.

Basi akatunza. Sabuni ya mche, mswaki mkuukuu wa kutolea vumbi jekundu kwenye mifereji ya chuma, kisha fulana iliyochakaa ya kukaushia. Mwisho mawese. Huku kwetu jembe linapopumzishwa kiangazi hupakwa mawese lisishike kutu, naye akaona chuma ni chuma. Vyuma viling'aa kweli. Kosa lake ni kwamba alipaka mpaka kwenye mishikio, nayo ni ya mpira. Mpira na mafuta haviivi chungu kimoja. Mishikio ikalainika, ikanata, ikashika vumbi na manyoya ya kuku. Akaivua kwa kisu, akazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, taratibu, kama anafunga kidonda cha mtoto.

"Majembe yetu yana kutu," nikamwambia, "na mafuta ya mboga yameishia kwenye fimbo za mzungu."

"Subira huvuta heri, mama."

"Ngojangoja huumiza matumbo, baba."

Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukawa tunasema yaleyale bila kucheka.

Maana mahali pa kwenda palikuwapo. Mdogo wake ana ardhi Kagerankanda, akatumegea kipande: tuhamie, tulime mahindi na maharage, tuache kupanga mjini, na mimi niache vibarua vya kulimia watu. Sharti lake lilikuwa moja tu, kaka yake aje mwenyewe kabla ya mvua za kwanza. Hawezi kumkabidhi shamba mke wa mtu huku mwenye mji amekaa barazani Kasulu. Mume wangu hakutaka kutoka. Bosi akirudi atamkuta wapi? Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia, kisha nikajichukia mwenyewe.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, shemeji akaja na bodaboda kuchukua jibu la mwisho. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimemwandalia chai sebuleni, mume wangu yuko barazani anapaka fimbo mawese, simu yake ikaita, na sura ya bosi ikatokea kwenye kioo cha simu. Hakuwa amepiga tangu aondoke. Mume wangu akakimbilia pembeni ya ua, penye mtandao, hata mikono hakufuta. Nikamfuata. Shemeji alituona kupitia mlangoni, ila hakusikia.

Bosi alikuwa mwema kama siku zote. Aliulizia watoto, akaulizia mvua, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Mume wangu akageuza simu amwonyeshe fimbo zilivyopangwa mkekani, zinang'aa juani.

Mzungu akacheka. "Bado unazo? Mimi sichezi tena, mgongo mbaya. Wape watoto wachezee."

"Hutarudi, bosi?"

"Hapana, rafiki yangu. Mimi mzee sasa. Nimestaafu."

Wakaagana vizuri. Mume wangu akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatika. Sikuwahi kumwona amepungua vile. Nilitaka kumwambia, haya, sasa twende tukalime, lakini alikwisha kugeuka kuelekea mlangoni. Tukaingia ndani.

"Alikuwa yule bosi?" shemeji akauliza. "Amesemaje?"

"Amesema nizitunze," mume wangu akajibu. "Mwakani anakuja."

Shemeji akanigeukia mimi, kwa kuwa ukoo mzima unajua sina ulimi wa kuficha. "Ni kweli, shemeji? Maana jirani yangu anakisubiri kile kipande. Ukisema ndiyo, nampa."

Kweli ingetupatia shamba. Lakini ingemvua nguo mume wangu mbele ya mdogo wake, naye angelima ardhi ile akichekwa mpaka anakufa. Nilimtazama. Alikuwa ameinamia sakafu, mikono imejaa mawese.

"Ego," nikamjibu kwa Kiha chetu. "Ndivyo alivyosema."

Shemeji akamaliza chai, akashukuru, akaondoka kabla mvua haijamkuta njiani.