Msitu Wangu Ulivyoondoka na Mbuzi

Jamani, ruksa kunicheka. Kikundi chetu cha wakulima wa dengu, huku Kolandoto, kilikuwa kinasubiri cheti cha kilimo kinachotunza mazingira, ambacho kingetuletea mnunuzi wa bei nzuri. Sharti lake ni kila mkulima awe na ngitili, eneo la akiba la miti na majani. Ngitili yangu ng'ombe wangu walishaimaliza. Asubuhi ya ukaguzi nikakata matawi kwa jirani, Mama Kabula, nikayachomeka ardhini. Msitu mzima kabla ya chai!

Mkaguzi akauliza, "Mti huu kaupanda nani?"

"Marehemu babu," nikajibu kwa majonzi.

Papo hapo mbuzi akaung'oa, akapita nao mbele yetu.

"Baba Masanja!" akaita Mama Kabula, aliyekuwa akitusikia kutoka uani kwake. "Mbuzi wangu anaurudisha mti wa babu yako huku kwangu!"