Ufa wa Besi ya Mwalimu Nasimiyu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya chuo kule Kitale, Msimamizi alinipa randa na ubao uliopinda kama barabara ya kwenda Suam. "Wewe uliyesoma ngumbaru, darasa la watu wazima," akasema, "ninyoshee huu." Niliunyosha mpaka mende aliyejaribu kupita juu yake akateleza na kuvunjika mguu. Msimamizi akapitisha kidole. "Si mbaya, bana." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutiwa kwenye fremu.

Ninyi mnaokalia viti vya plastiki, jueni kwamba miaka ya elfu mbili ilipoanza fundi wa chuo alitengeneza kila kitu: madawati, milango, hata banda la kuku wa Mkuu wa Chuo. Nilipohamishiwa tawi la Bungoma nikaongezewa vyombo vya muziki. Ndiko nilikomjua Mwalimu Nasimiyu na besi yake.

Besi ni fidla iliyokula ugali wa ukoo mzima. Inamzidi mtu kimo, na mpigaji husimama akaikumbatia. Wenzake walipiga muziki wa kizungu vile ulivyoandikwa. Yeye alitunga wake. Alipiga mbavu za besi kwa kiganja. Alisugua upinde chini ya daraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, ikatoka sauti ya ng'ombe wote wa Endebess wakidai kukamuliwa kwa pamoja. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini kila alipofanya mazoezi niliacha msumeno nikasimama dirishani.

Wiki ya onyesho lake akaniletea besi. "Fundi, ufunguo huu wa kukazia uzi umelegea. Nikazie huo tu."

"Huo tu, mwalimu. Hesabu umekwisha."

Nikaukaza. Kisha nikaona ufa usoni mwa besi, mrefu kama mkono wangu. Ngumbaru nilifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo niliipenda kuliko chai. Tena niliona aibu kumrudishia mtu chombo kilichopasuka. Fundi wa fidla hutumia gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa maji moto ili kazi iweze kufunguliwa. Mimi nilitia gundi nyeupe ya milango, nikabana kwa klampu tano, nikapiga msasa na vanishi. Siafu mwenye njaa hangepata pa kupita.

Alipokuja, kidole chake kilikwenda pale pale.

"Fundi, umetumia gundi gani?"

"Ya nguvu! Tembo wawili hawaibandui. Na hiyo ni zawadi, mwalimu."

"Asante, mzee wangu," akasema, akaibeba besi yake.

Jumapili alasiri ukumbi wa kanisa ulijaa. Katikati ya utungo wake akavuta uzi mnene kuliko zote, akangoja. Ikatoka sauti laini, safi. Akavuta tena. Safi. Akabaki na upinde hewani, kisha akainamisha kichwa, akamalizia hapo. Tulipiga makofi, mimi nikiwazidi wote. Nikamgeukia Mkuu wa Muziki: "Umesikia usafi huo?"

"Ule ufa ndio uliokuwa unanguruma," akanijibu polepole, "kama litungu, kile kinubi cha babu yake. Ameutungia muziki miaka miwili. Si alikuambia ukaze ufunguo tu?"

Niliazimia kwenda kumwomba msamaha kesho yake. Nilimkuta, nikamsimulia habari za mahindi. Siku iliyofuata, habari za mvua. Mimi ninayeongea mpaka mbuzi asinzie! Naye hakunilaumu hata mara moja. Alifundisha wanafunzi muziki wa vitabuni, na ule wake sikuusikia tena. Baadaye alihamia mbali, na mwaka niliostaafu tukaletewa habari ya msiba wake.

Watu husema fundi mzuri ni yule anayeona kasoro. Nilikuwa naziona hata gizani. Nilichokosa ni kuuliza, "Mwalimu, hii iko hivi kwa nini?" Ni maneno machache tu.

Sasa niko nyumbani. Mlango wangu wa mbele umepasuka, na upepo wa Elgon ukishuka jioni unanguruma humo. Mke wangu husema, "Ati fundi, na mlango wako umekushinda! Si uuzibe?"

Ninamwambia angoje kwanza. Ninasogeza kiti karibu.